Bwana Miti wa Nyasubi na Mwangati Wake

Bwana Miti alikuwa hawezi kuhudhuria msiba bila kugonga jeneza. Aliinama kama mtu anayemuaga marehemu, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akanusa, kisha akarudi kwenye kiti chake na kumnong'oneza aliyekaa jirani, kwa mnong'ono ambao hata wafiwa wa chumba cha ndani waliusikia: "Paini. Tena changa."

Siku tuliyomzika shemeji yangu alininong'oneza mimi. Nilikuwa nalia. Nikaacha kulia, nikamwangalia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, ila shemeji yangu hakuwemo ndani ya huzuni hiyo.

"Angezikwa kwenye mwangati," akasema, "siku ya kiyama malaika wangelikuta sanduku lake zima."

Tulipakana ukuta na ukuta pale Nyasubi, Kahama. Yeye alikuwa ofisa misitu mstaafu, na kwa kuwa maofisa wa aina yake watu wamewaita Bwana Miti tangu zamani, jina hilo lilimganda hata baada ya ofisi kumsahau. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi: misumari, bawaba, rangi, kufuli. Mume wangu, Baba Kulwa, ni mchimbaji wa dhahabu huko upande wa Geita. Kazi yake ni kupiga matimba, yaani kusimika nguzo zinazozuia kuta za duara zisiwaangukie waliomo chini. Duara ndilo shimo lenyewe la kuchimbia. Kwa hiyo nyumba yetu na nyumba yake zote zilikula kwa miti, ingawa yeye aliona aibu kuwekwa fungu moja na sisi.

Bwana Miti aliipenda miti kama baadhi ya watu wanavyompenda Mungu: mmoja tu, na mingine yote ni sanamu. Mti wake ulikuwa mwangati.

Kwa asiyeujua, na hapa kwetu hatuujui, mwangati ni mti wa milimani. Unaota Meru, unaota Kilimanjaro upande wa magharibi, unaota Usambara, kwenye miinuko ya ukungu ambako mtu halali bila blanketi. Haupukutishi majani mwaka mzima. Ukiwa mchanga majani yake yanachoma kama sindano. Ukikomaa yanajilaza kwenye kijiti kama magamba ya samaki. Unazaa vitu vidogo vya mviringo, vya rangi ya buluu iliyopakwa vumbi jeupe, ambavyo sisi wote tungeviita matunda lakini Bwana Miti alitukataza, alisema ni koni. Gome lake linachunika vipande virefu, na wafuga nyuki wa huko wanafunikia mizinga. Mbao zake ni nyekundu, zinanukia, haziozi upesi, na mchwa anazikwepa. Watu wanazifanya nguzo za uzio, vigae vya paa, masanduku ya nguo na penseli. Haya yote nayajua kama ninavyojua matangazo ya redio. Sikuwahi kuuliza hata moja.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni walimfanyia mzaha wao. Wasukuma tunasalimiana asubuhi "Mwangaluka". Wao wakimwona anakuja na tai yake shingoni kwenye jua la Kahama, walisimama kwa adabu zote na kusema, "Mwangati, mzee." Naye aliitikia, "Mwangati, mwangati," na kupita akiwa amefurahi. Sijui kama hakuelewa au alielewa na kuona kwamba mji umeanza kustaarabika.

Alikuwa nao mmoja uani kwake, kati ya choo na tangi la maji. Alikuja nao kutoka kaskazini ukiwa mche kwenye kopo. Miaka yote niliyowajua, yeye na mti wake, haukuwahi kunipita bega. Mwarobaini ambao mkewe, Mama Neema, aliuchomeka ardhini msimu uleule bila kuufikiria ulikuwa umeshafunika nyumba yao na nusu ya yetu. Bwana Miti alikaa kwenye kivuli cha mwarobaini kuumwagilia mwangati.

"Umeleta dume," Mama Neema alimwambia siku moja tukiwa tunachambua mchele. Ni kweli, miti hii ina dume na jike, kila mmoja peke yake. "Litazaa na nani hapa? Na tangi?"

"Hauwezi kujua jinsia mpaka utoe maua," akajibu Bwana Miti.

"Basi ngoja."

Alingoja. Krismasi ilipokaribia, wanawake wa kwaya walikuja kumwomba tawi la kupambia kanisa. Yeye mwenyewe alikuwa muumini wa kanisa hilohilo. Akawakaribisha, akawapa viti, akawaeleza kwa nini mti wa asili haukatwi kwa ajili ya kuvalishwa taa za Kichina. Mmoja wao, kwa kutaka kumsaidia, akasema basi si lazima, watatafuta saiprasi, si ni kitu kilekile. Bwana Miti akasimama. Akasema mtu asiyeweza kutofautisha saiprasi ya kuletwa na mwangati wa nchi hii hawezi kuaminiwa hata kutofautisha sauti ya kwanza na ya pili. Wakaondoka bila tawi, na kwa miezi kadhaa hakuna mwanakwaya aliyempa mkono wa amani.

Ndani ya nyumba mwangati ulikuwa na enzi yake pia. Hakuandika kwa kalamu ya wino. Alichonga penseli kwa kisu na kukusogezea vumbi lake puani. "Nusa," alisema. Ukinusa, akakasirika: "Hamna kitu. Penseli za siku hizi ni mti wa kiberiti." Chumbani alikuwa na sanduku ambalo alidai ni la mwangati mtupu, na ndilo lililotunza suti yake ya harusi bila tundu hata moja, wala mende, wala nondo. Kila mgeni alionyeshwa suti. Mama Neema alinunua dukani kwangu vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini, akavishona ndani ya bitana ya koti, na kila vilipoisha harufu akaja kununua vingine.

"Kwa nini usimwambie?" nilimuuliza.

"Nimwambie ili iweje? Ataanza kuniamini mimi badala ya sanduku?"

Alihubiri dhidi ya mkaa. Aliweza kumsimamisha muuza mkaa njiani, amshushe baiskeli, amwambie kila gunia ni kaburi la msitu, wakati huohuo Mama Neema anampokea mwenzake muuza mkaa kwa mlango wa nyuma. Jioni alikula wali uliopikwa kwa makaburi hayo na kuusifu. Paa la nyumba yake lilishikwa na nguzo za mkaratusi zilizokwisha kuliwa na mchwa, na kila nikimkumbusha aje kuchukua dawa ya mchwa dukani, alisema nyumba hiyo ni ya muda tu.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba alifanya kazi maisha yake yote hapahapa kwetu. Alitumwa kuhimiza ngitili, yale maeneo ambayo wafugaji wanayafunga ili nyasi na miti ijirudie, ng'ombe wapate malisho kiangazi. Ni kazi ya heshima, na vijiji vya huko Didia viliifanya vizuri kabla yake na baada yake. Yeye aliiona kama kifungo. Migunga yetu, inayolisha mbuzi, inayojenga zizi, inayotupa kuni na kivuli, aliiita miiba. Wazee wa Didia walimchinjia mbuzi siku anastaafu, na katika hotuba ya shukrani akawaeleza habari za mwangati.

Nilidhani basi ameishi na huo mti miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Mama Neema akanitoa ushamba. "Alienda mafunzo kule mlimani akiwa kijana," akasema. "Mvua ilinyesha mwanzo hadi mwisho, na yeye alishikwa na homa. Msitu mwingi aliuona kupitia dirisha la bweni."

Nayasema haya yote ili ieleweke kwa nini tulimwamini.

Msimu mmoja, kikundi cha kina Baba Kulwa kilikuwa kinafungua duara jipya, na mwenyekiti wao alitaka nguzo zisizooza, maana pale chini palitoa maji. Akatokea dalali wa mbao, kijana mwenye maneno laini, akasema ana lori la mwangati kutoka kaskazini. Mwenyekiti akasema mwangati tunausikia tu, lakini yuko mtu wa kuutambua. Wakaja na gogo moja mpaka uani kwa Bwana Miti. Mimi na Baba Kulwa tulikuwepo, tulikuwa upande wetu wa ukuta na tukahamia upande wake.

"Shikamoo, Profesa," dalali akasema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Niliona neno lile likiingia mwilini mwake kama chai ya moto.

Akalipokea gogo. Akalibandua gome kidogo, akanusa. Akachanja kwa kisu, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka dalali akaanza kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi.

"Mwangati," akasema.

Baba Kulwa alifurahi kama sisi wote. Aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza atashuka chini bila kufikiria mchwa.

Masika yalipopamba moto maji yakaongezeka ndani ya duara. Ilikuwa mchana, nipo dukani nampimia mteja waya, simu ikaita. Mwenzake Baba Kulwa akasema, "Mama Kulwa, yuko hai." Ukiambiwa hivyo kabla hujauliza, unajua lililobaki.

Walinieleza baadaye. Nguzo zilianza kulia. Ndivyo wanavyosema wao: mti unalia, unatoa mlio kama mlango wenye bawaba kavu. Baba Kulwa akawaamuru wenzake wapande mmoja baada ya mwingine kwa kamba ya winchi, yeye akabaki wa mwisho kwa sababu matimba ni kazi yake. Alikuwa ameshashika kamba ukuta ulipojiachia. Nguzo ikampiga mkono juu ya kiwiko, mfupa ukavunjika, lakini mkono mwingine haukuiachia kamba. Wakamvuta akiwa ananing'inia.

Alilazwa hospitali hapahapa Kahama mjini. Mama Neema alikuja kila siku na chupa ya uji. Bwana Miti hakuja. Nilimwona kwa juu ya ukuta akiwa amekaa uani na tai yake, na nilipotokeza alijifanya anaangalia tangi la maji. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, nayarudia nikiwa nafua.

Kisha siku moja alionekana akirudi kutoka machimboni nyuma ya bodaboda, amekumbatia kitu kilichofungwa gazetini. Akaja nacho moja kwa moja dukani kwangu.

"Shikamoo, Baba," nikasema, maana hasira ni hasira lakini umri ni umri.

"Marahaba, Mama Kulwa." Akakiweka juu ya kaunta, akakifungua. Kilikuwa kipande cha nguzo iliyovunjika. "Huu si mwangati."

"Najua."

Akanitazama kwa mshangao, karibu kwa wivu. "Umejuaje? Wewe hukusomea."

"Umevunjika."

Akakaa kwenye ndoo ya rangi. Akanieleza, kwa kuwa hakujua kufanya jambo jingine lolote mbele ya mtu isipokuwa kueleza, kwamba ule mti ni saiprasi. Ni wa ukoo mmoja na mwangati, na harufu zao zinakaribiana. Ulikatwa ukiwa mdogo, moyo wake haujakomaa, karibu wote ni nyama laini ya nje, na nyama hiyo ikilowa inakuwa kama mkate. Alinionyesha kwa ncha ya penseli. Nilimwacha amalize. Maneno yangu niliyoyapanga yalinikimbia, kwa sababu alikuwa amejisema vibaya kuliko nilivyokusudia mimi.

"Kikundi cha pili nacho kimeagiza," nikamwambia. "Lori linaingia Jumamosi. Umewaambia?"

"Natafakari namna bora ya kuliwasilisha."

"Baba, ndani ya shimo lile wataingia watu. Hawataingia kwenye tafakari."

Akakifunga tena kile kipande kwenye gazeti, taratibu, kona kwa kona. "Unajua nikisema hili hakuna atakayenisikiliza tena."

"Kwani sasa hivi wanakusikiliza?" nikasema. Halikuwa neno la huruma. Lakini alinyanyuka.

Jumamosi nilifunga duka nikaenda naye. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye turubai karibu na winchi, vikundi vyote viwili, lori limeegeshwa pembeni halijashushwa mzigo, dalali ameegemea mlango wake. Bwana Miti akasimama. Akaanza na jinsi miti inavyogawanywa katika makundi. Akaeleza miti inayotoa maua na miti inayotoa koni. Wachimbaji wakaanza kutazama simu. Hatimaye akafika alipofika: "Kwa masikitiko, ilijitokeza hitilafu katika zoezi la utambuzi."

"Mzee, unasema nini?" mwenyekiti akauliza.

"Nasema palikuwa na hitilafu."

"Ya nani?"

Akalitazama lori. Nikamwambia kwa upole, nilikuwa karibu naye, "Baba, waambie kwa Kiswahili."

Akaivuta tai yake kama inamkaba. "Niliwaambia ni mwangati. Si mwangati. Nilikosea."

Dalali akacheka. "Mzee umri umeenda, ndugu zangu. Mwezi ule alilia machozi kwamba ni mwangati, leo si mwangati, kesho atasema ni mpapai." Watu wakacheka naye. "Mwulizeni basi, huo mwangati uliokomaa, wa kutoa nguzo, mara ya mwisho ameushika lini."

Wote wakamgeukia. Angeweza kusema lolote, na mkewe hakuwepo kumsahihisha.

"Nikiwa mwanafunzi," akasema. "Siku chache. Nilikuwa naumwa."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mimi pia nilicheka, mkono mdomoni, nilishindwa kujizuia. Akangoja kiishe, kisha akaendelea kwa sauti ileile ya darasani.

"Na hata ungekuwa mwangati wenyewe, sikupaswa kuwaruhusu. Mwangati ni mti wa uzio, wa paa, wa sanduku. Nyuzi zake zimenyooka. Ukizidiwa unapasuka kwa mpigo mmoja, haukupi dalili. Hizi saiprasi mbovu zililia kwanza. Baba Kulwa akasikia, wakatoka. Mngeweka ule ninaoupenda mimi, asingesikia kitu."

 Nikashika mlingoti wa turubai. Nilimfikiria mume wangu akiwa chini, akisikiliza mti usiosema.

Lori halikushushwa. Mwenyekiti alimwambia dalali aondoke nalo, na vijana wawili watatu wakasogea kuhakikisha amelielewa. Bwana Miti alipata shukrani yake: kuanzia Jumatatu vijana wa kijiweni walimsalimia, "Saiprasi, mzee." Hakuitikia tena. Akawa anapita njia ya nyuma ya soko, yenye matope, na tai yake.

Alikwenda kumwona Baba Kulwa hospitali siku ya kuruhusiwa. Hakuomba radhi. Aliukagua ule mkono wenye plasta, akauliza fundi aliyeufunga ni nani, akasema amefunga vizuri. Baba Kulwa akampa nusu ya chungwa lake, wakala. Mimi nilitaka radhi iombwe kwa sauti, nikiwa shahidi. Wanaume hawa wawili walimaliza jambo lao kwa chungwa.

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa stendi ya mabasi. Mama Neema alikuwa amefariki mwaka uliopita, na binti yao Neema, muuguzi, alikuwa anamchukua akaishi naye Mwadui. Mimi na Baba Kulwa tulikwenda kumsindikiza. Alikuwa amekonda, suti inamcheza mwilini, amekaa kwenye benchi na begi magotini. Nilitegemea kumkuta ameinama kwa majonzi. Nilimkuta anamhubiria abiria jirani, mama mmoja wa makamo mwenye kuku wawili.

"Mayu, ule unaitwa podo," alikuwa anamwambia. "Nao ni wa kwetu, nao haupukutishi majani. Hakuna mti unaoushinda kwa kunyooka. Mbao zake ni nyeupe, laini kwenye randa, mafundi wa samani wanaugombania."

"Ee," mama akasema, akirekebisha kamba ya kuku.

Nikamtazama Baba Kulwa, naye akanitazama. Tulikuwa tumeacha kazi zetu kuja kumuaga mzee aliyevunjika, tukamkuta ameshaoa mti mwingine.

"Shikamoo, Mzee," Baba Kulwa akasema, akakaa kando yake. Mkono wake haukunyooka tena sawasawa. Akikaa anauweka juu ya paja kama mzigo wa mtu mwingine. Bwana Miti aliuona. Akautazama mpaka mama wa kuku naye akautazama.

"Podo," Baba Kulwa akasema, kwa sauti ya mtu anayefungulia mwenzake mlango. "Unafaa kwa matimba huo?"

Bwana Miti akafungua mdomo. Nilimjua, nilijua jibu limeshapanda mpaka kooni, pamoja na makundi na nyuzi na mifano. Akaufunga. Neema alikuwa anaita kutoka mlangoni mwa basi. Mzee akamwegemea Baba Kulwa, akasimama, akashika begi lake.

"Sijui," akasema.

Alilitamka vibaya, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya wageni mbele ya wenyewe. Kisha akapanda basi.